Kwa Nini Paa Letu Ni Nusu

Somo: Walawi 25:14. Soma pia Mithali 20:14 na Matendo ya Mitume 5:1-11.



Ukiinua macho ukiwa umeketi hapa kanisani, utaona jambo ambalo hata watoto wa Sande Skuli wameliona. Upande wa kushoto mabati ni mapya, yanang'aa. Upande wa kulia ni yale yale ya zamani, yenye kutu na matundu, na mvua yetu ya Gusii ikianza kunyesha alasiri tunapanga mabeseni kama wauzaji wa soko la Keroka.

Wengine mmeniuliza sababu. Wengine hamkuniuliza mimi, lakini mmeulizana ninyi kwa ninyi, na maneno yana miguu, yamenifikia: "Mchungaji si alisema saa ya babake itaezeka paa lote? Pesa zingine zilienda wapi?" Hilo ni swali zuri na mna haki ya kuliuliza. Leo nalijibu. Naomba mnivumilie, kwa sababu mahubiri haya yananichapa mimi kwanza kabla hayajamfikia mtu mwingine.

Marehemu tata alikuwa fundi wa saa mjini Kisii. Kazi hiyo aliifunzwa katika duka la Mhindi mmoja. Yule mwenye duka alipofunga biashara na kuhama, tata alikuwa anamdai mshahara wa miezi mitatu, na badala ya pesa alipewa saa moja ya mkono. Ilikuwa Heuer Carrera, kutoka Uswisi. Aina hiyo ilianza kutengenezwa mwaka wa 1963, mwaka ule ule wa Uhuru wetu, na jina lake lilitoka kwenye mashindano ya magari ya kule Mexico. Wenye kuzijua huiita kronografu. Sisi watoto tuliiita saa ya mbio. Usoni ina vijisaa vitatu vidogo, na ubavuni ina vitufe viwili. Ukibonyeza cha juu, mshale mrefu wa sekunde unaondoka. Ukibonyeza tena, unasimama. Cha chini kinaurudisha mwanzo.

Siku za michezo ya shule tata aliitwa kuwapimia watoto mbio, na hakuwahi kudai malipo. Sisi watu wa Kisii na Nyamira tunajua sekunde ni kitu gani. Nyantika Maiyoro alikimbia mita 5,000 kule Melbourne mwaka wa 1956 akawa wa saba duniani, wakati Kenya ilikuwa bado haijapata bendera yake. Naftali Temu alimaliza mita 10,000 kule Mexico mwaka wa 1968 kwa dakika 29 na sekunde 27.4, akailetea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Tata alipenda kutuambia kwamba ukimpimia mtoto kwa saa mbovu, umemwibia miguu yake. Kumbukeni neno hilo, tutalirudia.

Alipolala katika Bwana aliacha mkebe wa biskuti wenye saa 23. Nyingi ni za kawaida, lakini saa ya mbio ilikuwa imefungwa peke yake ndani ya kitambaa. Nikampelekea dalali mmoja mjini. Akaigeuza geuza, akakunja uso, akasema: "Pastor, hii ni takataka. Mkanda umeoza, kioo kimekwaruzwa. Kwa vile wewe ni mtumishi, nitakupa elfu kumi na tano." Nilikuwa karibu kukubali. Halafu kijana mmoja wa ukoo wetu anayefanya kazi Nairobi akaipiga picha, akampelekea mtu anayekusanya saa za zamani. Jibu lilirudi siku hiyo hiyo: shilingi 900,000, akija mwenyewe na kuikuta vile inavyoonekana kwenye picha.

Najua kuna mama hapa anasema moyoni, "Saa moja? Bei ya shamba?" Ndiyo, mama. Kuna watu ambao wakipata saa ya zamani ambayo haijaguswa, yenye uso wake na mishale yake ya kiwandani, hulipa pesa ambazo wewe na mimi hatuwezi kuzihesabu. Mwaka wa 2017 kule New York, saa ya Rolex iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman, ambayo alipewa zawadi na mke wake, ilipigwa mnada kwa zaidi ya dola milioni 17. Huyo mnunuzi halipii chuma. Chuma kipo kingi. Analipia ukweli, kwamba kitu hiki ni kile kile. Ukiutoa ukweli, kinabaki chuma.

Jumapili ile ya ahadi mnaikumbuka. Nilisimama hapa mbele nikasema saa ya tata itaezeka paa lote, na pesa zote za saa ni za Bwana. Mlipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, tukaimba mpaka vumbi likapanda. Fundi alikuwa ametupigia hesabu ya shilingi 840,000. Sasa ninyi mnajua hesabu. Kutoka 900,000 zinabaki 60,000. Niliwaambia bei ya saa? Sikuwaambia. Zile 60,000 nilikuwa nimeshazipangia kazi nyumbani kwangu. Hakuna aliyejua, hata mke wangu. Matendo sura ya 5 niliihubiri mwaka juzi kwa sauti kubwa sana. Mwaka huu iliingia nyumbani kwangu ikavuta kiti ikakaa.

Siku chache baadaye nilikuwa natafuta karatasi za saa kwenye sanduku la tata, nikapata daftari lake la kazi. Tata aliandika kila kitu: tarehe, jina la mteja, ubovu, alichobadilisha. Nikafungua ukurasa wa mwaka wa 1987 nikaona maandishi yake ya wino wa buluu: "Heuer yangu. Iliingia maji. Uso umepakwa rangi upya Nairobi. Mshale wa sekunde si wake, umetoka saa nyingine."

Wapendwa, moyo ulinishuka. Nilijua maana yake. Uso si ule wa kwanza. Mshale wa kukimbia, ambao ndio saa ya mbio yenyewe, ni wa kuazima. Mkono wa tata ulikuwa mzuri hata picha hazikuonyesha kitu. Bila daftari, labda asingejua mtu.

Nikalifunga daftari. Nikaliweka chini kabisa ya sanduku, nikalifunika na koti la tata. Likakaa hapo siku tisa.

Katika siku hizo tisa nilikuwa naomba. Lakini nikiwaambia ukweli, hayakuwa maombi. Nilikuwa namweleza Mungu bei ya mabati. Nilimwambia, Baba, ni kazi yako, watoto wako wananyeshewa. Nikamshirikisha shemasi mmoja, na amenipa ruhusa niseme. Yeye alinitia moyo, akasema: "Pastor, huyo mtu hajakuuliza kama uso ni wa kwanza. Asipouliza na wewe usiposema, uongo uko wapi?" Neno hilo lilikuwa tamu kama asali. Nilililamba siku mbili.

Aliyenitoa hapo ni mama yangu, na hakujua. Jioni moja aliniuliza kama nimeona daftari la tata. Nikajifanya sijasikia. Akaendelea tu kuongea, kama wazee wanavyoongea jikoni: "Tata yako alikuwa anasumbua watu na daftari hilo. Mtu anakuja kuchukua saa yake, ana haraka ya gari, yeye anamwambia kaa kwanza nikusomee nilichobadilisha. Wengine walikuwa wanamcheka. Lakini mwanangu, hakuna mtu aliyewahi kurudi kumtukana."

Usiku huo sikulala. Niliona ya kwamba tata alilisoma daftari lile kwa mtu mwenye saa ya shilingi mia mbili, na mimi mtumishi wa Mungu nimelifukia kwa ajili ya nyumba ya Mungu.

Hebu sasa tuliangalie Neno. Nina mambo matatu.

La kwanza: Mungu yuko katikati ya mnunuzi na muuzaji, na anawaangalia wote wawili. Walawi 25:14 inasema juu ya kumwuzia jirani na kununua kwake, na inakataza kudhulumiana. Haisemi muuzaji peke yake. Mithali 20:14 inamwonyesha mnunuzi anayekitukana kitu mpaka akipate kwa bei ya chini, kisha akienda zake anajisifu. Yule dalali aliyeiita saa takataka anaishi ndani ya mstari huo. Na wewe unayeenda kwa mama mjane anayeuza ng'ombe kwa sababu mtoto amefukuzwa shule kwa karo, ukamwambia huyu ng'ombe ni mgonjwa ilhali unaona ni mzima, unaishi ndani ya mstari huo pia. Mimi nilimkasirikia dalali wiki nzima, na wiki iliyofuata nikawa ndugu yake.

La pili: kunyamaza kunaweza kuwa uongo. Sisi watu wa Kiswahili tunasoma saa kwa namna yetu. Mshale mfupi uko kwenye tisa, tunasema saa tatu asubuhi. Je, tunadanganyana? Hapana, kwa sababu mimi najua na wewe unajua. Uongo unaanza pale ambapo mimi najua na wewe hujui, na mimi nachuma kutokana na kutojua kwako. Hapo hata nikifunga mdomo, mdomo wangu umesema. Shemasi aliuliza uongo uko wapi. Ulikuwa chini ya koti la tata.

Na msidhani ni mambo yetu ya kijijini tu. Mwezi wa Novemba 2021 kule Geneva, saa ya Omega ya mwaka wa 1957 iliuzwa kwa zaidi ya faranga milioni tatu za Uswisi. Ilikaguliwa na wataalamu, ikaandikiwa kitabu cha mnada. Mwaka wa 2023 wenye Omega wenyewe wakatangaza kwamba ilikuwa imeunganishwa kwa vipande vya saa mbalimbali. Miaka miwili tu. Lililositirika halikai. Yesu alilisema katika Luka 12:2, na hakuweka kikomo cha bei.

Tuje nyumbani. Kule Tabaka wachongaji wetu wanajua kwamba jiwe la sabuni likipasuka, ufa unaweza kujazwa gundi na unga wa jiwe, ukapigwa msasa na nta, mgeni asione. Anayenunua kinyago hicho atakiona kimevunjika akifika kwao. Daraja Mbili tunajua namna ya kupanga ndizi nzuri juu na zile zilizogongwa chini. Kwenye vituo vya kununua majani chai kule Nyamira, kuna anayerusha maji kwenye gunia na kuna anayepima kwa mzani wenye kasoro, na wote wawili wanasema amina Jumapili. Kuna maziwa yaliyobatizwa kabla ya kufika kwa mteja. Kuna shamba limeuzwa kwa watu wawili, na mmoja wao ni ndugu katika Kristo. Sisemi haya kumwaibisha mtu. Nimeanza na saa yangu, si ndiyo?

Ibrahimu alipotaka mahali pa kumzika Sara, Mwanzo 23, alilipa shekeli 400 za fedha, mbele ya watu, langoni mwa mji, kila mti wa shamba ukijulikana. Alikuwa na huzuni, alikuwa mgeni, na bado hakufanya biashara gizani. Biashara ya mtu wa Mungu ni ile inayoweza kusomwa langoni.

La tatu: Mungu hana haja ya paa letu kiasi cha kutuomba tumwibie mtu. Hapa ndipo niliposhikwa zaidi. Nilisema, ni kwa kazi ya Bwana. Lakini Petro alimwuliza Anania, shamba lilipokuwa halijauzwa si lilikuwa lako? Na lilipouzwa, thamani yake si ilikuwa katika uwezo wako? Hakuna aliyemlazimisha atoe. Hakuna aliyenilazimisha mimi nisimame hapa niahidi paa lote. Nilipenda makofi. Anania hakufa kwa sababu alitoa kidogo. Alikufa kwa sababu alitaka kidogo kionekane ni chote. Na sadaka iliyotoka kwenye mfuko wa mtu niliyemdanganya si sadaka yangu. Ni yake yeye, na hakuitoa.

Basi nilifanya nini? Mnunuzi alikuja Kisii. Tulikutana kwenye hoteli moja mjini, nikaagiza chai. Kabla hajafungua kitambaa nikamwambia, "Kaa kwanza nikusomee." Nikasoma ukurasa wa 1987. Alinyamaza kwa muda mrefu. Akatoa kioo chake cha kukuzia, akaufungua mgongo wa saa, akatazama ndani, akatazama mshale, akalitazama daftari. Akasema: "Mchungaji, mtambo ni wake na ni msafi sana. Aliyeutunza alikuwa fundi wa kweli. Lakini kwa uso huu na mshale huu siwezi kulipa ile bei. Nitakupa 350,000."

Nikakubali. Mkono wangu ulitetemeka, siwafichi. Shilingi 550,000 zilikuwa zimeondoka mezani kwa ukurasa mmoja, na aliyezifukuza ni mimi.

Sasa najua mnasubiri nini. Mnasubiri niseme kwamba kesho yake mtu alinipigia simu, akatuma M-Pesa, paa likakamilika. Wapendwa, hakuna aliyepiga. Sitawaongezea mshale usio wake kwenye ushuhuda huu. Pesa zilizopatikana ni 350,000, na zote, mpaka shilingi ya mwisho, ziko kwa mweka hazina, na risiti za mabati ya geji 28, mbao na misumari zimebandikwa mlangoni. Vijana wakajitolea kupanda juu bila malipo, ndiyo sababu tukafika nusu. Tukaanza na upande wa kushoto kwa sababu ndiko wanakoketi akina mama wenye watoto wachanga.

Kwa hiyo naomba msamaha mbele yenu wote. Kwanza, kwa zile siku tisa. Pili, kwa zile 60,000 nilizozila moyoni kabla hazijafika mkononi. Tatu, kwa kuahidi kitu ambacho sikuwa nimekichunguza, kwa sababu nilitaka kuonekana. Wazee wa kanisa nimeshakaa nao, wamenikemea, na nimekubali.

Lakini nitawaambia kile nilichopata. Nililala usingizi. Na nikimwona yule mtu popote, Nairobi au mbinguni, sitavuka barabara. Tata alisema ukipima kwa saa mbovu umemwibia mtoto miguu yake. Mimi nilikuwa karibu kumpimia mtu kwa kimya changu. Mungu alinizuia kwa mdomo wa mama mzee jikoni, na kwa daftari la mtu ambaye hajawahi kuhubiri hata siku moja.

Na wewe, ukurasa wako uko wapi? Umeufunika na koti gani? Labda ni ng'ombe uliyemwuza ukijua hashiki mimba. Labda ni pikipiki. Labda ni mpaka wa shamba uliousogeza usiku. Labda umemdai ndugu yako bei ya kukomoa kwa sababu ulijua ana shida. Zakayo hakuambiwa aende akaungame mlimani. Alisimama nyumbani kwake, mbele ya watu, akataja kiasi atakachorudisha. Wiki hii, kabla ya Jumapili ijayo, mfuate mtu mmoja. Mmoja tu. Umwambie, "Kaa kwanza nikusomee." Kama unaogopa kwenda peke yako, njoo, tutapanda matatu pamoja. Nauli nitalipa mimi.

Upande wa kulia tutauezeka kwa sadaka za kawaida, polepole, kwa pesa safi. Mpaka wakati huo, tone la maji likikuangukia katikati ya maombi, usinung'unike. Sogeza beseni, umshukuru Mungu kwamba tunanyeshewa kwa ukweli.

Tuombe. Baba wa mbinguni, wewe unayejua kilicho chini ya sanduku na chini ya moyo, tusamehe biashara tulizofanya gizani. Tupe ujasiri wa kufungua ukurasa. Linda mikono yetu kwenye mizani, sokoni, shambani na madhabahuni. Bariki mnunuzi na muuzaji. Wafanye watoto wetu warithi kwetu daftari safi, hata kama hatutawaachia kitu kingine. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.